Maswali Yenu: Mbweu ya Ng'ombe na Chakula Kinachopotea Nayo

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: gesi ya methani itokayo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kama mfugaji wa kawaida anaweza kuipunguza. Majina tumeyaacha. Maeneo tumeyaweka, kwa sababu jibu la Rungwe si jibu la Simanjiro.

Shikamooni wataalamu. Redio imesema ng'ombe wanachafua hewa kwa kujamba. Mimi nina ng'ombe wawili tu. Ni kweli, na hao wawili nao wanahesabiwa?
*Mfugaji, Rungwe*

Marahaba. Wanahesabiwa, ila aliyesema ni kujamba amekosea upande. Takriban asilimia 95 ya gesi hiyo hutoka mdomoni na puani, kwa mbweu. Inatengenezwa katika tumbo la kwanza, lile kubwa linalouzwa buchani kwa jina la taulo. Humo vijidudu huvunjavunja nyasi ambazo tumbo la binadamu lisingeziweza, na katika kazi hiyo hubaki haidrojeni. Haidrojeni ikirundikana, uchachukaji wa chakula hukwama. Kuna vijidudu vingine vinavyoichukua, vikaiunganisha na kaboni dioksidi na kutengeneza methani. Ng'ombe huipumua na kuibeua mchana kutwa na usiku kucha, wala husikii kitu.

Kilo 1 ya methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko kilo 1 ya kaboni dioksidi. Kwa kipindi cha miaka 20 ni zaidi ya mara 80. Angani haidumu sana, kama miaka 12 hivi, na ndiyo maana serikali nyingi zimeikazia macho: ukiipunguza leo, nafuu yake haingoji wajukuu.

Wewe mwenye ng'ombe wawili una hesabu nyingine iliyo karibu zaidi. Methani ni nishati, ndiyo hiyo hiyo inayowaka kwenye jiko la bayogesi. Ng'ombe anayekula kilo 10 za chakula kikavu kwa siku (uzito ukishaondoa maji yote ya kwenye nyasi) hupoteza karibu asilimia 6.5 ya nishati ya chakula hicho kwa njia ya methani. Ni gramu 215 hivi za gesi kwa siku, zenye nishati ya megajuli 12. Lita moja ya maziwa huhitaji takriban megajuli 5. Yote huwezi kuiokoa, maana haidrojeni lazima ipate pa kwenda. Lakini majani uliyoyakata na kuyabeba kichwani, sehemu yake hupaa hivyo.

Ng'ombe wa gredi (wa kisasa) anakula mara mbili ya zebu (wa kienyeji). Si basi anatoa gesi nyingi zaidi? Mbona kila semina mnatuambia tufuge gredi?
*Mfugaji, Meru*

Ukimpima ng'ombe mmoja mmoja, umesema kweli: anayekula zaidi hutoa gesi zaidi. Jopo la kimataifa la tabianchi, katika mwongozo wake wa 2006, linakadiria ng'ombe wa maziwa wa Afrika kuwa anatoa kilo 46 za methani kwa mwaka, na wa Amerika Kaskazini kilo 128. Sasa soma safu inayofuata ya jedwali hilo hilo. Wa Afrika amekadiriwa kutoa kilo 475 za maziwa kwa mwaka, na mwenzake kilo 8,400. Gawanya. Kila kilo ya maziwa yetu inakuja na gramu 97 hivi za methani, ya kwao gramu 15.

Tofauti hiyo inatokana na chakula cha kujikimu. Kila ng'ombe, akamuliwe au asikamuliwe, hula kwanza kwa ajili ya kupumua, kutembea na kubaki hai, na gesi ya chakula hicho hutoka hata kama ndoo ni tupu. Anayetoa lita 2 na anayetoa lita 12 wote wana gharama hiyo ya mwanzo, ila wa pili anaigawa kwa lita nyingi.

Kuna mtego ambao semina nyingi huupita haraka. Ukiongeza gredi mmoja juu ya zebu wako watatu, gesi ya boma lako imeongezeka, basi. Inapungua pale tu gredi anapochukua nafasi ya wale watatu. Halafu gredi anayelishwa mabua makavu ni hasara tupu: mwili mkubwa, chakula kingi cha kujikimu, maziwa lita 4, na kupata mimba ni shida. Kama huna majani ya kumtosha mwaka mzima, chotara mdogo au Jersey atakufaa kuliko Friesian, kwa mfuko na kwa hewa.

Nina ng'ombe mmoja chotara, lita 6 kwa siku. Namlisha mabingobingo na mabua ya mahindi, na pumba nikipata. Nianze kubadilisha nini ili apoteze kidogo?
*Mama mfugaji, Hai, Kilimanjaro*

Mama, anza na panga kabla hujaanza na pochi. Mabingobingo mengi tunayoyaona yakibebwa barabarani yamekwisha kuzeeka, marefu kumpita mbebaji. Majani yakizeeka, protini hushuka na shina hugeuka ubao. Protini ikiwa chini ya asilimia 7 ya chakula kikavu, vijidudu vya tumboni vyenyewe hukosa naitrojeni ya kuzaliana, chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe anakula kidogo, na kila kilo anayokula hutoa gesi nyingi kwa maziwa kidogo. Kata yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, ambao katika mvua hufikiwa kwa wiki 6 hadi 8. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Gawa shamba vipande ili kila wiki uwe na kipande kilichofika, la sivyo utajikuta unakata yote yaliyokomaa siku moja.

Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 5. Faida kubwa ya kukatakata ni kwamba ng'ombe hawezi kuchagua majani akaacha mashina, wala kuburuta chakula nje ya hori akakikanyaga. Lakini usisage kama unga. Anahitaji nyuzi za kucheua, na mate yanayokuja na kucheua ndiyo yanayotuliza asidi tumboni.

Jambo la pili ni mikunde. Desmodiamu ipande katikati ya mistari ya mabingobingo. Kaliandra ipande kwenye mipaka na kingo za matuta, mche mmoja kila nusu mita. Miche 500 hutosha ng'ombe mmoja mwaka mzima kwa kilo 6 za majani mabichi kwa siku, na kilo 3 mbichi zinafanya kazi ya kilo 1 hivi ya chakula cha kununua cha ng'ombe wa maziwa. Mvuno wa kwanza ni baada ya miezi 9 hadi 12, ukikata kwa urefu wa mita 1 kutoka ardhini. Mpe ikiwa mbichi, siku hiyo hiyo uliyokata. Ikinyauka, ng'ombe huikataa, na anayoila haimeng'enywi vizuri. Kaliandra ina tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, na tanini kwa kiasi hupunguza methani. Ikizidi hufunga protini, na kinyesi ndicho kinachofaidi. Kilo 6 zinatosha, usifanye 15. Walioko maeneo ya joto wanaotumia lusina (Leucaena, mti wa malisho) wasipitishe theluthi moja ya chakula, kwani lusina ina sumu iitwayo mimosini, inayomnyonyoa ng'ombe manyoya na kumvimbisha tezi ya shingo.

Tatu ni pumba na mashudu. Nyuzi zikichachuka tumboni hutoa zaidi asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki, na haidrojeni nyingi huachwa. Wanga ukichachuka hutoa zaidi asidi ya propioni, ambayo yenyewe hutumia haidrojeni. Ndiyo maana ng'ombe anayepata pumba na nafaka kidogo hutoa methani kidogo kwa kila kilo ya chakula. Mashudu ya alizeti ya kukamuliwa na mashine ndogo za mtaani hubaki na mafuta, na mafuta nayo hupunguza methani kwa asilimia 4 hivi kwa kila asilimia 1 unayoiongeza kwenye chakula kikavu. Jumla ya mafuta ikipita asilimia 6, nyuzi huacha kumeng'enywa na ng'ombe huacha kula. Kwa ng'ombe wako kilo 1.5 hadi 2 za mashudu kwa siku ni salama. Mashudu yanayonuka mafuta yaliyochacha usinunue hata yakiwa nusu bei.

Wengi hutoa kilo 2 za chakula cha ziada kila siku kuanzia kuzaa hadi kukausha. Chakula kile kile ukikielekeza zaidi kwenye miezi 3 ya mwanzo, mwili unapotaka kutoa maziwa, utapata lita nyingi zaidi kwa mwaka. Ongeza polepole kwa wiki 2. Mwenye haraka huamka akakuta ng'ombe kasimama, hacheui, kinyesi cha maji chenye harufu kali: hiyo ni asidi imezidi tumboni.

Na maji. Hapa kina mama wengi mnabana kwa sababu mnayabeba, na tunaelewa. Ng'ombe wa lita 6 anataka lita 50 na zaidi kwa siku, awe nayo muda wote. Asipokunywa hatakula, na asipokula, kila kitu tulichokiandika hapo juu ni bure.

Hapa Mbarali tuna majani ya mpunga milima kwa milima. Nilisikia yanalainishwa kwa urea. Jirani alijaribu, ng'ombe mmoja akafa. Tukosee wapi, tupatie wapi?
*Mfugaji, Mbarali*

Njia yenyewe ni nzuri. Makosa yanayoua ni machache na yanajulikana. Vipimo: majani makavu ya mpunga kilo 100, urea ya mbolea kilo 4, maji lita 50. Pima kwa mizani. Kukadiria kwa debe ndiko kunakoleta msiba. Yeyusha urea yote hadi usione hata chembe. Tandika turubai au nailoni nzito shimoni au sakafuni, weka majani kilo 20, nyunyiza lita 10 za mchanganyiko sawasawa, kanyaga. Rudia mara tano. Funika, ziba kingo zote kwa udongo, weka mawe juu. Acha siku 21. Ukifungua, majani yawe yamegeuka rangi ya kahawia, laini, na harufu kali ya kuwasha macho. Toa ya kutumia kesho, yatandaze kivulini usiku kucha ile harufu ipungue.

Ukikuta ukungu mweupe au mweusi, hewa iliingia. Sehemu hiyo tupa. Usipokuta harufu kabisa, gesi ilivuja na majani hayakulainika.

Wanaopoteza ng'ombe kwa kawaida wamefanya moja kati ya haya: wameacha ndoo ya maji ya urea mahali ng'ombe anafika, wamelisha kabla ya siku kutimia, wamenyunyiza urea juu ya majani na kuyatoa papo hapo, au wamempa ng'ombe mwenye njaa kali akala kwa pupa. Anza na robo ya mlo, fika nusu ndani ya wiki 2. Ndama wa chini ya miezi 6, punda na nguruwe wasiguse.

Sumu ya urea huonekana ndani ya nusu saa hadi saa moja: kutetemeka, mate mengi, tumbo kujaa, kuyumba. Akiwa bado anaweza kumeza, mnyweshe siki ya kupikia lita 2 hadi 4 pamoja na maji baridi mengi, huku mwingine anampigia daktari wa mifugo. Siki huibana amonia isiingie kwenye damu. Akiwa ameshalala na kichwa kimelegea usimnyweshe, itaingia mapafuni.

Kuhusu methani, majani haya hayapunguzi gesi ya ng'ombe mmoja kwa siku, kwani atakula zaidi. Yanachofanya ni kumzuia asikonde kiangazi, na ng'ombe asiyekonda hafuti Oktoba uzito aliopata Mei.

Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani. Nimeona kwenye simu kuwa mwani unazuia gesi ya ng'ombe kwa asilimia 80. Je, mwani wetu unaweza kuuzwa kwa wafugaji?
*Mkulima, Unguja*

Mwani uliouona si huu wako, dada. Tangu 1989 Zanzibar inalima aina mbili, spinosumu na kotonii, kwa ajili ya karajinani, ule utomvu unaogandisha maziwa ya chokoleti na dawa ya meno. Ule wa ng'ombe unaitwa Asparagopsis, mwekundu, mwembamba kama manyoya, na kinachofanya kazi ndani yake ni kemikali iitwayo bromofomu, inayozuia hatua ya mwisho ya kutengeneza methani. Spinosumu na kotonii hazina kiasi cha kusaidia.

Ni kweli majaribio ya ng'ombe wa nyama yamefikia asilimia 80, kwa mwani usiofika asilimia 1 ya chakula. Lakini bromofomu huruka hewani. Ukiuanika juani kwenye kamba kama mnavyoanika wa kwenu, mnabaki na majani matupu, hivyo hukaushwa kwa baridi kwenye mashine za gharama au kuhifadhiwa kwenye mafuta. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani inaiweka bromofomu miongoni mwa kemikali zinazoelekea kusababisha saratani, na mwani huo una iodini nyingi inayoweza kuingia kwenye maziwa. Kipimo kikizidi, ng'ombe hupunguza kula. Si kitu cha kutupia zizini kwa mkono.

Tuna ng'ombe 40 wa maziwa, tunachanganya chakula kwa mashine. Tuagize ile dawa ya unga ya Bovaer?
*Meneja wa shamba, Nakuru*

Nyinyi ni kati ya wachache walioandika ambao swali hili linawahusu. Kiini chake, 3-nitrooksipropanoli, huzuia kimeng'enya kinachokamilisha methani, na katika ng'ombe wa maziwa hupunguza takriban asilimia 30. Umoja wa Ulaya uliiruhusu Februari 2022, Marekani Mei 2024. Dozi ni kama gramu 1 ya kiini kwa ng'ombe kwa siku, ikichanganywa sawasawa. Huvunjika tumboni ndani ya saa chache, kwa hiyo lazima iwe katika kila tonge, siku nzima. Ng'ombe anayechungwa malishoni hawezi kufaidika.

Angalieni mambo matatu kabla ya kuagiza. Kwanza, kama imesajiliwa nchini. Pili, chakula chenye nyuzi nyingi hupunguza nguvu yake, na sileji zetu nyingi (majani yaliyokatwa yakahifadhiwa pasipo hewa) zina nyuzi. Tatu, haiongezi maziwa kiasi cha kujilipia, hivyo msipokuwa na mnunuzi anayewalipa kwa ajili ya hewa, ni gharama tupu. Maoni yetu: fedha hiyo iwekeni kwanza kwenye sileji iliyokatwa kwa wakati na kwenye kufupisha muda kati ya uzazi na uzazi.

Tukizuia gesi, ng'ombe hatavimba tumbo?
*Msomaji, Kisii*

Hapana. Njia zote tulizoeleza hupunguza gesi inayotengenezwa, hazizibi inapotokea. Kuvimba hutokea mbweu inaposhindwa kutoka, mara nyingi kwa povu baada ya kula mikunde michanga yenye umande, au kwa kiazi kilichokwama kooni. Mlishe majani makavu kabla ya kumwachia kwenye lusani (alfalfa). Akivimba kwa povu, mafuta ya kula nusu lita kwa mdomo huvunja povu. Kiazi kikikwama, mafuta hayatasaidia, mwite daktari upesi.

Sisi hatuna banda wala mashine. Nina ng'ombe 120, Simanjiro. Kila anayekuja na habari ya hewa anamaliza kwa kusema punguza mifugo. Nanyi mtasema hivyo?
*Mfugaji, Simanjiro*

Tungeanza na swali jingine, mzee: kati ya hao 120, wangapi wananyonyesha au wanakamuliwa leo? Wangapi ni madume waliopita miaka 5? Mitamba wangapi wana miaka 4 na hawajazaa? Ndama wangapi walikufa tangu masika iliyopita? Hesabu hii ifanye jioni mlangoni pa boma, kwa kokoto kama hupendi karatasi.

Ndama anayekufa akiwa na miezi 8 ni miezi 9 ya mimba na miezi 8 ya malisho iliyopaa bure, pamoja na gesi ya mama yake wa muda wote huo. Kwa upande wenu muuaji mkubwa wa ndama ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kuna chanjo yake ya kuambukiza na kutibu kwa pamoja: ndama huchomwa vimelea hai vya ugonjwa na siku hiyo hiyo dawa ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Sindano ya mara moja humkinga kwa maisha yake yote. Hushindwa pale chanjo inapoyeyushwa asubuhi ikachomwa alasiri, dozi ya dawa inapokadiriwa badala ya kupima uzito, au ndama anapokuwa tayari ni mgonjwa. Lazima aje mchanjaji aliyefunzwa, na chupa yake ya naitrojeni ya baridi. Na kuogesha msiache, kwa sababu chanjo haizuii ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe.

Mtamba wa zebu kwa kawaida huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 4 au zaidi. Akizaa akiwa na 3, umeokoa mwaka mzima wa malisho na takriban kilo 31 za methani. Kinachomchelewesha ni kukonda kila kiangazi. Alalili yenu ya ndama, na ngitili ya Wasukuma, ni elimu ya zamani inayofanya hasa hiki tunachotaka: nyasi zinafungwa wakati wa mvua, zinafunguliwa kiangazi kwa ndama na wenye mimba peke yao. Ilindeni isiliwe na madume. Weka na chumvi ya madini, si magadi peke yake.

Kisha mnada. Dume mnene wa Juni na yule yule aliyekonda wa Oktoba ni bei mbili tofauti, na miezi minne hiyo amekula, amebeua, hajaongeza hata kilo. Ukiuza madume yaliyokomaa mwanzoni mwa kiangazi, hujapunguza mifugo inayokulisha. Unawaachia nyasi wanaozaa. (Nyumbu wa Serengeti, zaidi ya milioni moja, nao ni wacheuaji. Hatujaona anayewapelekea semina.)

Nimejengewa mtambo wa bayogesi. Je, huo unamaliza gesi ya ng'ombe wangu watatu?
*Mfugaji, Embu*

Haumalizi, kwa sababu mtambo hushughulikia kinyesi, na kinyesi si chanzo kikubwa. Makadirio yale yale ya kimataifa yanampa ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 46 za methani kwa mbweu na kilo 1 tu kwa samadi. Samadi kavu zizini hupata hewa, na penye hewa methani haitengenezwi kwa wingi.

Mtambo huigeuza ile kilo 1 kuwa nyingi, kwa makusudi, ili uichome jikoni. Ukiichoma yote, vizuri sana, umeokoa na kuni. Ikivuja, umekuwa mbaya kuliko ulipokuwa na lundo la samadi. Kwa mtambo wa mita za ujazo 6, tia kilo 40 hadi 60 za kinyesi kila siku na maji kiasi hicho hicho, koroga hadi mabonge yaishe, ondoa nyasi na mawe. Kinyesi kilo 50 kitakupa saa 5 hivi za jiko moja. Kila mwezi paka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba na vali, penye viputo pana tundu. Toa maji yanayokusanyika kwenye mtego wa bomba, moto unaocheza-cheza ni dalili kwamba maji yamejaa. Viputo vikitokea kwenye tundu la kutolea tope mchana, gesi imezidi matumizi: ongeza jiko, chemsha maji ya kuoshea kiwele, au punguza kinyesi. Maji ya sabuni na kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa antibiotiki visiingie.

Wakala amekuja kijijini anataka tusaini mkataba wa kuuza kaboni ya ng'ombe. Nina ng'ombe wanne. Nitapata nini?
*Mfugaji, Nandi*

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kila ng'ombe anatoa kilo 50 kwa mwaka nawe umepunguza asilimia 20. Ni kilo 10, mara 28, sawa na kilo 280 za kaboni dioksidi. Ng'ombe wanne ni tani 1.1. Tani ikiuzwa dola 10, ni dola 11 kwa mwaka, kabla ya kulipa wapimaji, wakaguzi na huyo wakala. Maziwa ya ziada kutokana na lishe ile ile yatakupa zaidi ya hiyo ndani ya wiki chache.

Kama kikundi chenu bado kinataka, ulizeni kwa maandishi: mkataba ni wa miaka mingapi, nani analipia upimaji, ukiuza ng'ombe kunakuwaje, na je, unagusa ardhi yenu? Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inataka miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, na isiyo ya ardhi angalau asilimia 25. Wakala asiyejua namba hizo mrudisheni akasome.

Ni kweli kuna nchi zinatoza kodi ya mbweu? Inakuja huku?
*Msomaji, Mombasa*

Denmark imepitisha: kuanzia 2030 mfugaji atatozwa kroner 300 kwa tani ya gesijoto, lakini kwa punguzo la asilimia 60 atalipa 120 hivi. Mwaka 2035 itapanda hadi 750, malipo halisi yakiwa 300. New Zealand ilitangaza mpango wake 2022, wakulima wakaandamana na matrekta, ukaachwa 2024. Kenya na Tanzania hazina kodi kama hiyo.

Mbuzi je?
*Msomaji, Dodoma*

Kilo 5 kwa mwaka kwa mbuzi, na 5 kwa kondoo. Mbuzi sita ni sawa na zebu mmoja.